Handycam ndogo, kamera ya bega au Canon XA? Ulinganisho kwa anayeanza kurekodi mihadhara ya wageni

Mgeni wa mhadhara haji mara mbili. Kwenye harusi, mpiga video akikosa pete anamnong'oneza mshereheshaji, maharusi wanavishana tena huku wanacheka, maisha yanaendelea. Lakini profesa aliyeshuka na ndege ya asubuhi, akaongea saa moja na nusu na kuwahi ndege ya jioni, nani atamfuata mlangoni amwambie, "Shikamoo prof, tunaomba urudie, maiki haikuwa imewashwa"? Wole Soyinka alikuja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009 kwa mhadhara wa Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Sisi ambao hatukuwemo ukumbini siku ile tumebaki na kile kilichoandikwa na kurekodiwa, basi.

Ninayemwandikia hapa ni yule kijana wa klabu ya wanafunzi, au wa ofisi ya uhusiano, ambaye mkuu wake amemgeukia siku mbili kabla na kusema, "Wewe si unajua mambo haya? Utarekodi." Na mimi nilianza hivyohivyo, kwenye chuo kimoja hapa Dar. Nilipewa handycam ndogo inayoenea kiganjani, nikaisimamisha kwenye stendi safu ya mwisho kabisa, nikazumu mpaka miwani ya mgeni ikaonekana vizuri. Nilijiona nimeiva. Usiku nikaweka hedifoni nisikilize kazi yangu: pangaboi linakata hewa juu yangu, mzee mmoja jirani yangu anakohoa kila dakika, na mbali huko, kama mtu anayeongea ndani ya pipa, mgeni wetu. Kosa lilikuwa langu. Nilichagua kamera kwa zumu wakati nilitakiwa kuichagua kwa tundu la maiki.

Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia kwenye sauti. Nimechukua kamera nne ambazo mtu wa huku anaweza kuzikuta dukani, kwa mtumba, au kwa watu wanaokodisha vifaa vya harusi. Si mpya zote, na hilo halinisumbui. Mhadhara hauhitaji kamera ya mwaka huu.

| | Sony HDR-CX405 | Canon LEGRIA HF R806 | Sony HXR-MC2500 | Canon XA40 |
|---|---|---|---|---|
| Umbo | kiganjani | kiganjani | ya bega | kiganjani, ina mpini wa juu |
| Zumu ya lensi | mara 30 | mara 32 | mara 12 | mara 20 |
| Maiki ya nje | hakuna tundu | tundu la 3.5 mm | XLR mbili | XLR mbili na 3.5 mm |
| Hedifoni | hakuna | ipo | ipo | ipo |
| Picha | Full HD | Full HD | Full HD | 4K |
| Hifadhi | microSD moja | SD moja | GB 32 za ndani na kadi | SD mbili |

Soma mstari wa maiki kwanza, halafu wa hedifoni. XLR ni lile tundu nene la pini tatu, la maiki za kikazi; 3.5 mm ni lile dogo kama la hedifoni. Mstari wa zumu ndio wauzaji wanaoupigia debe, na ndio usio na maana kubwa hapa.

Hesabu yake ni hii. Umekaa mita 15 kutoka jukwaani, umbali wa kawaida katika ukumbi wa watu mia mbili. MC2500 yenye zumu "ndogo" ya mara 12, ukiivuta hadi mwisho, inakupa fremu yenye kimo cha kama mita moja: mgeni kuanzia kiunoni hadi kichwani, mikono yake ikionekana. Hiyo ndiyo fremu bora ya mhadhara. CX405 ukiivuta hadi mwisho wa mara 30 inakupa kimo cha sentimita 40, yaani uso tu, na hapo mgeni akisogea hatua moja amekutoka. Wenye zumu ya mara 50 wanalipia kitu watakachokitumia kuangalia mwezi.

Sauti

Maiki iliyojengwa ndani ya kamera inasikia kilicho karibu nayo. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti ya mzungumzaji inashuka kwa desibeli 6 hivi, lakini pangaboi lililo juu yako halishuki. Kuna na jambo jingine ambalo wengi hawalijui: sauti inasafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwa mita 15 inaifikia kamera ikiwa imechelewa milisekunde 44. Fremu moja ya video ya fremu 25 kwa sekunde ni milisekunde 40. Midomo ya mgeni inakuwa imeitangulia sauti yake kwa zaidi ya fremu moja. Mtazamaji hawezi kukuambia tatizo ni nini, ila anahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

CX405 haikupi njia ya kutokea. Haina tundu, haina pa kuchomeka hedifoni, kwa hiyo hata ukirekodi uharo hutajua mpaka ufike nyumbani. Ukiwa nayo, na hakuna nyingine, irekodie picha tu. Sauti ichukue kwa simu: maiki ya kubana kwenye kola, waya ndani ya koti, simu mfukoni mwa mgeni ikiwa kwenye hali ya ndege ili mkewe asimpigie katikati ya hoja. Kabla hajaanza, simama mbele ya kamera upige kofi moja. Kofi hilo ndilo utakalolitumia kulinganisha sauti na picha wakati wa kuhariri. Inafanya kazi, nimefanya mara nyingi. Ila kwa mhadhara wa saa nzima saa za vifaa viwili hazitembei sawasawa, na mwishoni utakuta fremu kadhaa zimepishana. Unakata mahali fulani katikati, unasogeza.

HF R806 ni hatua moja mbele, na kwa mwanafunzi hatua hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Ina tundu la 3.5 mm, unachomeka maiki moja kwa moja. Wengi wetu tulianza na BOYA BY-M1, ile yenye waya wa mita 6 na kibetri cha duara cha LR44. Ina swichi ndogo yenye pande mbili, ya simu na ya kamera. Ukiichomeka kwenye kamera na swichi ikabaki upande wa simu, unapata ukimya mtupu. Nimeona watu watatu tofauti wakifungua na kufunga menyu ya kamera kwa dakika kumi huku tatizo liko kwenye kijiswichi cha ukubwa wa punje ya mchele. Na mita 6 si nyingi: kamera inabidi itoke safu ya nyuma, isogee ubavuni mwa jukwaa. Si vibaya. Ukiwa ubavuni wasimamaji hawakukingi, na unapata mgeni pamoja na nyuso za watu wa mbele.

Kamera zenye XLR ndizo zinazokutambulisha kwa fundi mitambo wa ukumbi, na hapo ndipo kazi inapogeuka kuwa ya kikubwa. Kumbi nyingi zina mikisa yake, mashine ya kuchanganya sauti: maiki ya mgeni, ya mshereheshaji, na ile isiyo na waya inayozungushwa wakati wa maswali, zote zinapita hapo. Ukipata waya mmoja kutoka kwenye mikisa umepata kila kinachosemwa, safi, bila pangaboi na bila mzee anayekohoa. Mazungumzo yenyewe ni mafupi.

"Kaka, shikamoo. Naomba laini moja ya sauti kwa ajili ya kamera."

"Marahaba. Nikupe ya maiki au ya laini?"

Mara ya kwanza kuulizwa hivyo nilisema "yoyote tu". Usiseme hivyo. Sauti ya laini, yaani ile ambayo mikisa imeshaikuza, ina nguvu mamia ya mara kuliko ile ghafi ya maiki. Kwenye MC2500 na XA40 kuna swichi pembeni mwa matundu ya XLR zenye alama LINE, MIC na MIC+48V. Fundi akikupa laini na swichi yako iko kwenye MIC, sauti itapasuka kama redio ya daladala, na hakuna programu itakayoiponya baadaye. Hiyo 48V ni umeme wa kuendesha maiki za kondensa. Usiupeleke kwenye mikisa ya mtu, atakufukuza, na ana haki.

Uzuri mkubwa wa XLR mbili ni kwamba ni mbili. Tundu la kwanza laini ya mikisa, tundu la pili maiki yako mwenyewe juu ya kamera. Umeme ukikatika, mikisa inakufa lakini kamera ina betri. Mgeni mwenye uzoefu hatasubiri jenereta, atapaza sauti na kuendelea, na wewe tundu la pili linamsikia. Kwa nchi zetu hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuitaka kamera ya XLR, na sijaiona imeandikwa kwenye boksi lolote.

Mwanga na slaidi

Hapa kamera ya bega inawadanganya watu. MC2500 ina uzito wa kama kilo 3 na ukiibeba kila mtu anakupisha, hata mlinzi. Lakini kihisi chake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni cha robo inchi. Jicho lake halilingani na mwili wake. XA40 inayoenea kwenye begi la mgongoni ina kihisi kikubwa zaidi, cha inchi 1/2.3. Taa zikizimwa ili slaidi zionekane, zote nne zitaanza kutoa chengachenga, na CX405, yenye kihisi cha 1/5.8, ndiyo itakayoanza. Mpiga kazi wa gizani miongoni mwa ndugu hizi ni XA11, dada mkubwa wa XA40 wa mwaka 2017: Full HD tu, kihisi cha inchi 1/2.84, kidogo kidogo kuliko cha XA40 lakini hakijagawanywa nukta nyingi za 4K, kwa hiyo kila nukta inapata mwanga zaidi, XLR mbili, kadi mbili. Ukiikuta ya mtumba ikiwa haijachoka, mimi ningeichukua kabla ya XA40, na sitaomba radhi kwa hilo.

Tatizo lenyewe la slaidi linatibika kwenye kamera yoyote yenye vidhibiti vya mkono. Kamera ikiachwa ijiamulie, ukurasa mweupe ukitokea kwenye projekta inapunguza mwanga, na uso wa mgeni unageuka kivuli. Slaidi nyeusi ikija, uso unawaka. Mtazamaji anaona mtu anayepatwa na mawingu na jua kila nusu dakika. Pima mwanga kwa uso wa mgeni, ufunge hapo, slaidi ziungue zikitaka. Utaomba faili lake baadaye uziweke wakati wa kuhariri. Fokasi nayo ifunge, maana atapita mtu mbele na kamera itamfuata yeye. Kwenye MC2500 na XA40 vidhibiti hivi viko nje, kwa vitufe na pete ya lensi, unavipapasa gizani bila kuangalia. Kwenye hizi ndogo vimezikwa ndani ya menyu.

Na kama mjomba amekuletea kamera kutoka Marekani, angalia kitu kimoja kabla hujamshukuru sana. Huko umeme ni wa hezi 60, hapa ni 50, na kamera nyingi za nyumbani za soko la kule zinarekodi kwa mtindo wa 60 pekee. Ndani ya ukumbi wenye taa za tyubu, picha inacheza, mistari inapanda na kushuka. Weka kasi ya shata 1/50 au 1/100, itatulia. Kama kamera haikuruhusu kugusa shata, hiyo ni ya kurekodia birthday bustanini.

Kadi, betri, na ile dakika ya 29

Mara nyingi mtu ananiuliza kwa nini asitumie kamera ya picha, ile ya lensi za kubadilisha, maana picha yake inapendeza zaidi. Inapendeza kweli. Lakini kamera nyingi za aina hiyo za miaka ya nyuma zinajizima kurekodi dakika 29 na sekunde 59. Si hitilafu: Ulaya ilikuwa inatoza ushuru mkubwa zaidi kwa kifaa kinachoweza kurekodi video dakika 30 au zaidi, watengenezaji wakaona bora wabaki chini ya mstari. Rafiki yangu alirekodi mhadhara mzuri wa uchumi hivyo. Mgeni alisema "sasa nafika kwenye hoja yangu kuu", kamera ikanyamaza, naye rafiki alikuwa anajibu meseji. Kamera za video hazina mpaka huo. Zinaendelea mpaka kadi ijae au betri ife.

Kadi unaihesabu kwa penseli. Megabiti 24 kwa sekunde ni GB 10.8 kwa saa, kwa hiyo zile GB 32 za ndani ya MC2500 zinabeba saa mbili na nusu na ushei, mhadhara na maswali yake na shukrani za mwisho zote. 4K ya XA40 inakimbia kwa megabiti 150, yaani GB 67 na nusu kwa saa, na kompyuta ya klabu itakayoifungua hiyo ni ipi? Weka XA40 kwenye Full HD. Faida yake nyingine ndiyo uitumie: kadi mbili zinazorekodi kwa pamoja. Moja unamkabidhi mwenyeji palepale, nyingine unaondoka nayo, hakuna wa kukupigia simu usiku.

Usishtuke ukikuta kadi ina vipande vitatu vinne vya mhadhara mmoja. Mfumo wa FAT32 haubebi faili linalozidi GB 4, kamera inakata na kuendelea. Vihamishe vyote kwa pamoja kwa programu ya kamera yenyewe, au kopi folda nzima bila kuchambua. Anayevuta vipande kimoja kimoja ndiye anayepoteza maneno kwenye maungio.

Kwa betri MC2500 haina mpinzani mtaani. Inatumia familia ya NP-F, ambayo mpiga video wa harusi anayo, jirani yake anayo, na hata taa zao zinaitumia. Ya CX405 ni kibetri kidogo cha NP-BX1. Kwa mhadhara mrefu beba mbili na uombe kusiwe na neno la shukrani refu.

Ipi sasa?

Anayejifunza kutoka sifuri, kwa fedha zake mwenyewe: HF R806 au ndugu yake yeyote mwenye tundu la maiki na la hedifoni, pamoja na maiki ya kola. Tafuta tundu kwanza, jina la modeli baadaye. CX405 nisingeinunua kwa kazi hii, ingawa kwa safari na watoto ni kamera nzuri na nyepesi.

Idara au taasisi inayonunua kamera moja ya kukaa miaka: XA11 au XA40. Ni ndogo, mtu mmoja anaibeba na stendi yake kwenye bodaboda, na ikihitajika kwenye mahafali itafaa pia.

MC2500 usiinunue, ikodi. Mihadhara ya wageni huwa Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Harusi ni Jumamosi. Kamera za bega za mji mzima zimelala kabatini katikati ya wiki, na wenyewe wanalijua hilo ukiwakumbusha kwa upole. Kwaresma na Ramadhani zikifika ndiyo kabisa, bei unaitaja wewe. Na ukiwa bado unajifunza, kukodi kunakupa kitu ambacho kununua hakikupi: mwenye kamera atakuonyesha palepale dukani swichi ya LINE iko wapi, kwa sababu hataki uiharibu.

Omba na waya wa XLR mrefu, wa mita 10 au zaidi, na uujaribu kabla hujaondoka. Mwambie utairudisha Ijumaa jioni. Jumamosi anaihitaji, na atakuuliza kama betri umezijaza.